Hiyo final ya nini? Kwa nini klasi zangu nazifunga mapema

Kila nikituma pul rikwesti (ombi la kodi yangu kuingizwa kwenye mradi) kwenye timu mpya lazima mtu aulize, tena kwa upole kabisa, "kaka, hiyo final kwenye kila klasi ya nini, kesho mtu akitaka kuirithi itakuaje?" Final ni neno linalozuia klasi isirithiwe, yaani mtu asitengeneze klasi mtoto juu yake. Na jibu langu ni lile lile, akitaka kuirithi kesho aje tuongee kesho, tutaifungua, ni neno moja tu linafutwa. Ila tukiiacha wazi leo alafu kesho tukataka kuifunga, hapo ndo kuna kazi, kwa sababu tayari kuna watu washairithi na hatuwajui ni kina nani wala wamefanya nini humo ndani. Nimechoka kulijibu hili vipande vipande kwenye komenti za kodi, leo naliandika lote mahali pamoja.

Wengi tulifundishwa kurithi kama ndo kilele cha OOP yenyewe, ule uandishi wa programu kwa klasi. Klasi Mnyama, Mbwa anarithi Mnyama, methodi ya sauti inabweka, mtihani umeisha, A yako chukua. Hakuna aliyetuambia kwamba kutumia klasi na kuirithi ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukiita methodi ya klasi kutoka nje wewe ni mteja, umekaa mezani unaletewa sahani, mpishi kapikaje hayakuhusu. Ukiirithi umeingia jikoni, umeshika mwiko, na sasa unategemea mpishi asibadilishe mpangilio wa sufuria zake siku yoyote, ilhali yeye hana hata habari kama upo.

Tuchukue kitu ambacho kila aliyeandika sistimu huku kwetu keshapambana nacho, namba za simu. Mteja mmoja anaandika 07, mwingine +255, mwingine 255 bila ile alama ya kujumlisha, mwingine kaweka nafasi katikati. Unataka dict (daftari la Python la ufunguo na thamani yake) ambayo ukiiwekea namba ya aina yoyote inaisafisha kwanza ianze na 255. Kwenye Python unaandika hivi:

```python
class DaftariLaSimu(dict):
    def __setitem__(self, namba, jina):
        super().__setitem__(safisha(namba), jina)
```

Mistari mitatu, inapendeza. Unajaribu kuweka namba ya 07 kwa mabano ya mraba, unachungulia ndani, imekaa 2557 safi kabisa. Inaenda prodakshini. Alafu mtu mwingine kwenye timu anasoma wateja toka kwenye faili la CSV na anaita daftari.update(wateja), na namba zote zinaingia chafu kama zilivyo, 07 na +255 zimechanganyikana, mteja mmoja yupo mara mbili na anatumiwa meseji ya bili mara mbili. Hakuna eksepsheni, hakuna onyo, kimya. Kwa nini? Kwa sababu update ya dict kwenye CPython, ile Python ya kawaida, imeandikwa kwa C na haipiti kwenye __setitem__ yako, inaandika moja kwa moja kwenye jedwali la ndani. Konstrakta, ile kodi inayoumba kitu kipya, nayo inapita njia hiyo hiyo ya pembeni, kwa hiyo DaftariLaSimu(wateja) ni chafu toka sekunde ya kwanza. setdefault pia. Na hapo sijagusa upande wa kusoma, maana ukiandika __getitem__ yako, get haina habari nayo.

Sasa nenda Java uone kichekesho. Mtu anataka HashSet (mkusanyiko usiorudia kitu) inayohesabu vitu vilivyowahi kuwekwa, anairithi, anaongeza hesabu kwenye add, na kwenye addAll anajumlisha ukubwa wa mkusanyiko ulioletwa. Anaweka vitu vitatu kwa addAll, hesabu inasoma sita. Manake addAll kule ndani inazunguka na kuita add kwa kila kitu, na add inayoitwa ni ya kwake yeye mtoto, kwa hiyo kila kitu kimehesabiwa mara mbili. Mfano huu sio wangu, ni wa Joshua Bloch, ambaye ndiye aliyebuni collections za Java, kwa hiyo huwezi kusema hajui anachoongelea.

Ona hapo. Kwenye Python methodi moja haikumuita mwenzake na mtu akaumia, kwenye Java imemuita na mtu akaumia. Na zote mbili ukizitazama kwa nje ziko sahihi, zinafanya kile kilichoandikwa kwenye nyaraka. Nani anamwita nani kule ndani ni mambo ya ndani ya nyumba, mwenye klasi ana haki ya kubadilisha toleo lijalo, anaweza akaamua kuharakisha addAll isiite add tena, na yule mtoto aliyekuwa anahesabu sita na akarekebisha kwa kutoa hesabu upande mmoja sasa atahesabu sifuri. Hajagusa mstari hata mmoja wa kodi yake. Ameapdeti tu laibrari.

Kama unadhani haya yanawapata wachanga peke yao, fungua JDK, laibrari za Java zenyewe. Stack inarithi Vector toka Java ya kwanza kabisa, matokeo yake unaweza kuingiza kitu katikati ya stack (rundo la kuweka na kutoa juu tu), jambo ambalo stack kwa maana yake haliruhusu. Properties inarithi Hashtable, kwa hiyo unaweza kuita put ukaweka Integer, ikakubali vizuri tu, alafu ukija kuita store kuihifadhi kwenye faili inakurushia ClassCastException, mbali kabisa na pale ulipokosea. Na ninayoipenda kuliko zote ni java.sql.Timestamp inayorithi java.util.Date: date.equals(timestamp) inaweza kukujibu true na ukigeuza, timestamp.equals(date), ikakujibu false. Nyaraka zake zenyewe zinakutahadharisha kwamba urithi huo ni wa kuazima kodi tu, Timestamp usiichukulie kama aina ya Date. Aisee. Hawawezi kurekebisha, kwa sababu dunia nzima ina kodi inayotegemea hali hiyo. Walipokuja kuandika upya mambo ya tarehe kwenye Java 8, mwaka 2014, LocalDate, LocalDateTime, Instant zote wakaziwekea final. Hawakuuliza mtu.

String nayo ni final toka mwanzo, na sababu yake ni nzito kuliko usafi wa kodi. Fikiria kodi inayopokea jina la faili, inakagua kama mtumiaji anaruhusiwa kulisoma, alafu inalifungua. Kama String ingekuwa inarithika mtu angeleta String yake ya kienyeji ambayo wakati wa ukaguzi inajitambulisha kama faili la kawaida na wakati wa kufungua inakuwa faili la nywila. Ukaguzi umepita na mlango umefunguka. BigDecimal na BigInteger kwa bahati mbaya ziliachwa wazi, na kwa sisi tunaoandika mambo ya pesa hiyo sio stori ya pembeni, maana BigDecimal unayopokea toka kwenye kodi usiyoiamini kinadharia inaweza isiwe BigDecimal ya kweli, inabidi uinakili kwanza kabla ya kuiamini. Kwenye sistimu nyingi hakuna anayefanya hivyo na mambo yanaenda, ila ujue mlango upo.

Turudi kwenye hoja ya neno moja kufutwa, maana huo ndo msingi wa msimamo wangu wote. Klasi iliyofungwa ukiifungua, hakuna mtu duniani kodi yake inavunjika. Klasi iliyo wazi ukiifunga, kila aliyeirithi anavunjika, akikompaili upya atakataliwa na asipokompaili akileta jar ya zamani (faili la kodi iliyokwisha kompailiwa) itagoma wakati wa kupakiwa. Njia moja inarudi na nyingine hairudi, na wewe leo huna taarifa za kutosha kujua nani atahitaji nini. Sasa kwa nini uanze na ile isiyorudi?

Lugha nyingi zimekuja kukubali hili taratibu. C# toka mwanzo ilikataa mtindo wa Java wa kila methodi kuwa inabadilishika na mtoto, ukitaka ibadilishike lazima uandike virtual na mtoto aandike override, na klasi nzima unaifunga kwa sealed. PHP ilipata final kwenye toleo la 5 mwaka 2004, C++ ikaipata kwenye C++11, kabla ya hapo watu walikuwa wanacheza mazingaombwe ya konstrakta za private. Swift mwaka 2016, toleo la 3, ikatenganisha public na open: klasi ya public inatumika nje ya moduli yake ila hairithiwi huko nje, ukitaka irithiwe sema open. Kotlin ikaenda mpaka mwisho, 1.0 yake ilitoka mwaka huo huo wa 2016 na kila klasi imefungwa mpaka mwenyewe uandike open. Go na Rust zenyewe hazina kabisa urithi wa klasi na watu wanajenga sistimu kubwa tu wala hawalii.

Kuna wanaokwambia final inaongeza spidi. Kwenye JVM, mashine inayokimbiza Java, usihangaike nayo sana kwa sababu hiyo, HotSpot yake inajua klasi zipi zimepakiwa na kama methodi haijabadilishwa na mtoto yeyote inaiita moja kwa moja yenyewe, na mtoto akitokea baadaye inarudi kujirekebisha. Funga kwa ajili ya binadamu.

Lakini nisiwadanganye, kufunga kuna maumivu na wanaolalamika wana haki yao, hasa upande wa fremuweki. Spring, fremuweki ya Java, ikitaka kukuwekea @Transactional (alama ya kusema methodi iendeshwe ndani ya transaksheni ya database) kwenye klasi isiyo na interfesi inatengeneza klasi mtoto ya klasi yako kimya kimya, ndo inaweka humo kodi ya kufungua na kufunga transaksheni. Klasi ikiwa final inashindwa kuanza, na hiyo ni heri, kosa linaonekana asubuhi mapema. Balaa ni ukiacha klasi wazi ukafunga methodi moja. Hapo proksi, yaani hiyo klasi mtoto, inatengenezwa vizuri, ila ile methodi ya final haiwezi kubadilishwa, kwa hiyo ikiitwa inakimbia kwenye mwili wa proksi wenyewe, na proksi ile imeumbwa bila kupita kwenye konstrakta yako, fildi zake zote ni null. Unakaa unatazama NullPointerException kwenye repository (klasi ya kusoma database) ambayo unajua kabisa Spring imeshakuingizia, unaiona kwenye diba­ga ipo, mstari unaofuata haipo. Au methodi haigusi fildi yoyote, basi hupati hata kosa, transaksheni tu haifunguki. Nimeona watu wazima wanazunguka na hili siku nzima.

Ndo maana watu wa Kotlin wana plagini inaitwa kotlin-spring, kazi yake ni kufungua klasi zilizowekewa @Component, @Transactional na wenzake wakati wa kukompaili, maana vinginevyo Kotlin na Spring wasingekaa nyumba moja. Hibernate, laibrari ya kuunganisha klasi na database, nayo kwa ajili ya kuvuta data kwa kuchelewa inataka entity (klasi zinazowakilisha jedwali) zisizo final. Na testi je? Mockito, laibrari ya kuigiza klasi kwenye testi, kwa miaka mingi ilikuwa haiwezi kuigiza klasi ya final, toleo la 2 likaleta uwezo huo kwa kuwasha mwenyewe, na toleo la 5 mwaka 2023 likaufanya wa kawaida. Kwa hiyo ile hoja ya "usifunge, tutashindwa kutesti" imeshapitwa na wakati, na hata kabla ya hapo dawa yake ilikuwepo, weka interfesi, ziigize hizo.

Kwa hiyo msimamo wangu una nafasi: klasi ambazo fremuweki inazirithi kwa kazi yake nazifungulia hiyo fremuweki, basi. Zingine zote, mahesabu, vigeuzi vya namba, wateja wa API, vitu vya data, zimefungwa. Anayetaka kuongeza tabia aishike klasi kama fildi ndani ya klasi yake na aite anachohitaji. Yule wa HashSet angeishika HashSet ndani kama fildi asingehesabu sita, kwa sababu addAll ya ndani ikiita add inaita ya kwake yenyewe, sio ya huyu aliye nje. Kotlin imerahisisha mpaka basi, unaandika neno by na kompaila inakuandikia methodi zote za kupitisha.

Sasa kuna kitu cha katikati ambacho kwa maoni yangu ndo kizuri kuliko vyote, na nashangaa bado timu nyingi za Java hazikitumii. Sealed. Java 17, Septemba 2021. Badala ya kusema "hakuna wa kurithi" unasema "wanaorithi ni hawa hapa, wengine hapana". Malipo ya simu ndo yanaonesha utamu wake (record ni klasi fupi ya kubeba data tu):

```java
public sealed interface JibuLaMalipo
    permits Yamekubaliwa, Yamekataliwa, Yanasubiri {}

public record Yamekubaliwa(String risiti, BigDecimal kiasi)
    implements JibuLaMalipo {}
public record Yamekataliwa(String sababu)
    implements JibuLaMalipo {}
public record Yanasubiri(String kumbukumbu)
    implements JibuLaMalipo {}
```

Aliyewahi kuunganisha malipo ya simu anajua wa tatu hapo ndo mchawi. Mteja kapata ombi kwenye simu yake, kaingiza PIN, mtandao umeyumba, wewe jibu halijakufikia. Hayajakubaliwa, hayajakataliwa, yapo hewani. Kwenye kodi ya zamani hii hali huwa inaangukia kwenye else ya mwisho, na else ya mwisho inasema imeshindikana jaribu tena, mteja wa watu anajaribu tena anakatwa mara mbili, alafu simu za malalamiko zinaanza. Sasa ukiwa na sealed, na Java 21 ya Septemba 2023 kwenda mbele, unaandika switch hivi:

```java
String ujumbe = switch (jibu) {
    case Yamekubaliwa y -> "Tumepokea " + y.kiasi();
    case Yamekataliwa y -> "Imeshindikana: " + y.sababu();
    case Yanasubiri y   -> "Usilipe tena, tunahakiki " + y.kumbukumbu();
};
```

Hakuna default. Kompaila inajua wapo watatu tu, inaona umewagusa wote, inanyamaza. Siku bosi akisema tuongeze malipo yaliyorudishwa, unaongeza record ya Yamerudishwa, unaitaja kwenye permits, na kila switch kwenye mradi mzima isiyoijua inagoma kukompaili, inakupeleka faili kwa faili mpaka umalize. Nawaomba tu, mtu asije akaweka default ili "iwe salama". Ukiweka default umemfumba kompaila macho na umerudi kule kule kwenye else ya mwisho.

Masharti yake machache: watoto wote wakae kwenye moduli moja na mzazi, na kama hutumii moduli basi pakeji moja. Na kila klasi mtoto lazima iseme yenyewe ni final, sealed au non-sealed, hakuna kukaa kimya. Record ni final zenyewe kwa hiyo hapo juu sikuandika kitu. Hiyo non-sealed ni mlango wa kufungua tawi moja kwa wote, mimi nimeihitaji mara chache sana.

Wa Python hamna kufuli la kweli lililokuja na lugha kwa klasi zenu. Kuna @final toka 3.8, kwenye typing, ila inasomwa na programu za kukagua aina kama mypy na Pyright tu, ukikimbiza programu Python inapita juu yake kama haipo. Kwa timu inayokimbiza mypy kwenye CI (ukaguzi wa kodi unaojiendesha wenyewe) inatosha kabisa. Ukitaka ngumu, andika __init_subclass__ inayorusha TypeError na mtu akijaribu kurithi programu inakufa pale pale kwenye mstari wa class. Python wenyewe wanajua kufunga wakitaka, jaribu kurithi bool uone inavyokujibu.

Na nikiamua kufungua klasi, kuna kazi naifanya kabla sijaifuta hiyo final. Kwanza naangalia konstrakta, isiite methodi yoyote ambayo mtoto anaweza kuibadilisha, kwa sababu kwenye Java ikiitwa pale fildi za mtoto bado ni null. Pili methodi zote nazifunga moja moja, naacha ile moja au mbili ambazo nataka kweli mtoto aziandike. Tatu naandika kwenye nyaraka nani anamwita nani. Toka Java 8 JDK inatumia alama ya @implSpec kwa kazi hiyo, na ukisoma AbstractCollection, ambayo kweli ilitengenezwa ili irithiwe, utakuta imeandikwa kwamba addAll inazunguka na kuongeza kimoja kimoja. Yule jamaa wa hesabu ya sita alihitaji kusoma ukurasa huo. Yeye alikuwa anasoma wa HashSet.